Jumla ya Ng'ombe wa Naeku

Katika ploti ya Naeku pale Kitengela, nyuma ya duka la mbao, hakuna mtu aliyewahi kuandika barua peke yake. Vyumba vilikuwa kumi, vitano vikitazamana na vitano, kamba za nguo katikati, na kuta nyembamba hata ukipiga chafya chumba cha kwanza unaambiwa pole na chumba cha nne. Kwa hiyo Elsie Nanjala alipotandaza karatasi ya fulskap juu ya meza ya shangazi yake Dolphine, Jumatano moja ya mwezi wa pili mwaka wa 2004, watu walianza kuingia kabla hata kalamu haijafunguliwa kifuniko.

Wa kwanza alikuwa Muteti wa chumba cha pili, yule aliyekuwa akitoa vitunguu Kimana na kuuza sokoni Kitengela. Habari ikizaliwa asubuhi, kufikia saa nne Muteti ameshaipa jina. Mkewe Kathini alimfuata akiwa amebeba kiti chake mwenyewe, maana kwa Dolphine viti havikuwahi kutosha. Dinah wa ofisi ya kupiga chapa alikuja mwisho, akasimama mlangoni na soda.

"Soma tena hiyo tangazo, Injinia," Muteti akasema.

Nanjala akasoma. Kampuni moja ya programu za kompyuta Nairobi ilitaka kijana mmoja wa kuandika programu, hata kama hana uzoefu wowote. Haikutaka vyeti kwanza. Ilitaka ukurasa mmoja wa kujieleza, kwa mwandiko wako mwenyewe, na ndani yake utaje programu moja uliyoiandika ambayo kuna mtu anaitumia kweli. Halafu uweke namba ya simu ya huyo mtu. Kampuni itampigia Ijumaa tarehe ishirini na saba.

"Hiyo ni rahisi," Dinah akasema. "Barua yangu iko tayari kwa mashine. Tunabadilisha jina tu. Nusu ya watu wa viwanda vya EPZ waliingia na hiyo barua."

"Na mimi nimeituma mara ishirini na mbili," Nanjala akamjibu. "Hakuna hata mmoja aliyenijibu."

Hapo soda ya Dinah ikakwama njiani. Ilikuwa kweli. Tangu amalize diploma yake, Nanjala alikuwa amejieleza kwa maneno ya Dinah: mchapakazi, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Alikuwa akikaa pale ofisini kwa Dinah, anawapigia watu chapa, na yeye anaruhusiwa kutumia kompyuta wateja wakipungua. Lakini kule Kimilili baba yake alikuwa ameshasema neno lake. Pasaka ikifika bila kazi, Nanjala arudi nyumbani akafundishe watoto wa chekechea kanisani. Si kwamba watoto wana ubaya. Ni kwamba alijua akirudi, hakuna atakayemwita tena kuja huku. Na katika matangazo yote aliyowahi kuyaona, hili ndilo la kwanza lililosema neno "hata kama hana uzoefu".

"Andika umeokoka," Kathini akashauri.

"Programu imeokoka?" mumewe akamuuliza. "Wacha msichana aandike. Nanjala, andika wewe ni kichwa. Andika ulikuwa namba moja."

"Nilikuwa namba kumi na nne."

"Nani atajua?"

Nanjala aliitazama ile karatasi. Ilikuwa nyeupe. Kwa Dinah barua ilikuja ikiwa imejaa tayari, unajaza jina na tarehe. Hii ilikuwa inamtazama tu.

Dolphine alitoka nyuma ya pazia na sufuria ya chai. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara ya Namanga, na kwake chai isiyo na wageni ilikuwa ni dawa. "Na ile ya ng'ombe za Naeku?" akauliza. "Si hiyo uliandika wewe? Si anakuja kila Jumatano kuchukua karatasi yake?"

"Senge, ile ni kitu kidogo," Nanjala akasema, maana kwao ndivyo shangazi anavyoitwa.

"Kwani wamesema ikuwe kubwa?"

Kilikuwa kitu kidogo kweli. Naeku, mama wa Kimaasai mwenye ploti, alikuwa na ng'ombe kule upande wa Olturoto, na mwaka uliopita alichoka na daftari ambalo mvua ililipiga mara mbili. Akamwendea Nanjala kwa Dinah, akaketi, akamtajia ng'ombe mmoja mmoja: jina, rangi, mama yake ni nani, alichanjwa lini, alizaa lini. Nanjala akaandika programu ya kuwaweka. Kila Jumatano Naeku alikuja, Nanjala akamtolea karatasi, Naeku akaisoma kidole kikifuata majina, akacheka na wengine wao kama anayewaona.

Nanjala akaanza kuandika. Kwa Kiingereza, lakini kwa maana ilikuwa hivi: Jina langu ni Elsie Nanjala Wakhungu. Nimeandika programu moja ambayo inatumiwa na mtu mmoja. Mtu huyo anaitwa Naeku na ana ng'ombe.

Akasoma kwa sauti. Hata Muteti hakupata la kupunguza. Ni la kuongeza ndilo alilopata.

"Iko sawa, lakini iko baridi," akasema. "Weka kitu ya meneja. Mameneja wanapenda jumla. Mimi nikipeleka vitunguu kwa hoteli, yule meneja haangalii kitunguu, anaangalia chini ya karatasi. Sema hiyo programu inatoa ripoti na jumla."

"Haitoi jumla."

"Itatoa. Kwani ni wewe uliiandika ama ni mimi?"

Na kwa kuwa hata mwalimu wao chuoni alikuwa akisema kwamba ripoti isiyo na jumla ni kama shati lisilo na vifungo, Nanjala akaandika: Programu hutoa ripoti kamili ya kila wiki, pamoja na jumla ya ng'ombe wote. Akaweka namba ya Naeku. Kesho yake akaipeleka posta, na bahasha ilipoanguka ndani ya sanduku alisikia kama ni yeye aliyeanguka.

Tangu hapo sentensi ile moja ikawa mwiba. Alikuwa ametia sahihi kitu ambacho hakipo. Je, wakimpigia Naeku na kumuuliza kuhusu jumla, naye aseme jumla gani? Siku tano alitembea na hofu hiyo. Alipokula ilikuwa naye, na kanisani aliposimama kuimba ikasimama naye pia. Jumanne mchana wateja walipopungua, akafungua programu na kuongeza mistari mitatu. Akajaribu. Chini kabisa ya orodha, kwa herufi nzito, ikatokea: JUMLA, na namba yake. Nanjala akavuta pumzi ya kwanza ya wiki nzima. Sasa barua ilikuwa kweli.

Jumatano Naeku akaja kama kawaida yake, mrefu, shuka begani, shanga shingoni, simu yake ikiwa imening'inizwa kwa uzi. "Takwenya, entito," akamsalimu kwa Kimaasai, entito yaani msichana, na Nanjala akaitikia "Iko." Printa ikalia, karatasi ikatoka. Naeku akaipokea, kidole kikashuka jina kwa jina huku akitabasamu. Kikafika chini. Kikasimama.

Alikitoa kidole kwenye karatasi kama mtu aliyegusa jiko. Akaikunja karatasi mara nne, akaifunga katika ncha ya shuka, akatoka bila kuaga. Naeku, ambaye kuaga kwake kulikuwa kukichukua robo saa na salamu za watu wote wa ploti!

Dinah akainuka na kuja kuangalia kioo cha kompyuta. Akashika mdomo.

"Nanjala. Umehesabu ng'ombe za mtu?"

"Ni jumla tu."

"Jumla tu! Mimi nimezaliwa Kajiado, nikuambie. Mmaasai hawezi kukuambia ako na ng'ombe ngapi hata umfunge kamba. Hesabu inaita jicho baya. Inaita kifo. Wewe umehesabu, ukaandika kwa wino, ukampatia kwa mkono!"

Nanjala alitaka kusema hakujua. Lakini jioni ile Dolphine alipoambiwa, alimnyima hata kisingizio hicho. "Hukujua nini? Hata kwetu watoto wa mtu hawahesabiwi. Nyanyako alikuwa anasema 'hawa wangu,' basi. Ama ulisoma mpaka ukasahau?"

Na ni kweli alijua. Alilijua jambo hilo tangu akiwa mtoto wa kuchota maji, na vidole vyake vilipokuwa vikiandika ile mistari mitatu havikulikumbuka, kwa sababu alikuwa akiwaza juu ya meneja wa Nairobi ambaye hajawahi kumwona.

Mambo yangeishia hapo, yakawa aibu tu. Lakini Jumamosi Muteti alirudi kutoka Olturoto alikopeleka vitunguu, hakungoja hata kuteremsha magunia.

"Keri amelala chini," akatangaza katikati ya ploti.

"Keri nani?" watu wakauliza.

"Ng'ombe ya Naeku. Ile ya madoa. Tangu jana haiinuki, tumbo imejaa kama ngoma."

Jumatatu Keri akafa. Nanjala alikuwa mferejini na ndoo habari ilipofika, na alihisi maji yakipanda, yakimwagika juu ya miguu yake, lakini hakuweza kuufunga mfereji. Kathini ndiye aliyeufunga. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo. Lakini walimwangalia jinsi mtu anavyomwangalia mbwa wa jirani aliyeuma mtoto: pole, lakini ni wewe.

Jioni hiyo chumba cha Dolphine kilijaa tena. Safari hii hapakuwa na kicheko.

"Ijumaa wanampigia," Dinah akasema. "Watamuuliza, huyu msichana alikufanyia nini? Naye aseme nini? Aseme aliniulia ng'ombe?"

"Namba ibadilishwe," Muteti akasema. "Nanjala, piga hiyo kampuni, uwaambie Naeku amepoteza simu. Weka yangu. Nitasema mimi ni mfugaji. Nitasema, 'Hallo, ndiyo, programu safi sana, jumla inatoka saa zote.'"

"Wewe hata kuku huna," mkewe akamwambia.

"Kwani simu inaona kuku?"

Nanjala alicheka kidogo, na kile kicheko kilimtisha zaidi, kwa kuwa wazo lilikuwa limeshaingia. Jumanne alikwenda kwenye simu ya jamii kando ya kinyozi. Akapiga. Sauti ya mwanamke ikajibu upande wa pili, nyororo, ya watu wanaokaa ofisi zenye zulia: "Habari, nikusaidie? Ni nani anaongea?" Nanjala akafungua mdomo. Angesema jina lake, halafu uongo ufuate jina, na kuanzia siku hiyo viwe vimefungwa pamoja. Akaweka simu chini. Mwenye simu akamwambia, "Dada, hata salamu haujatoa," naye akaondoka karibu akimbie.

Alhamisi hakuweza tena. Akamwambia Dolphine anakwenda kwa Naeku.

"Tutaenda sote," Dolphine akasema, akaanza kuvaa viatu. "Niite Kathini, niite jirani yetu Mama Otiende, tubebe kitu..."

"Senge, nikienda na watu nitajificha nyuma yao."

Dolphine akamtazama, akavua kile kiatu kimoja. Akamfungia paketi mbili za sukari na majani chai, maana kwa mzee hauendi mikono mitupu hata kama unaenda kuchinjwa. "Usieleze sana," akamwagiza. "Ukieleza sana unaonekana una kesi."

Kutoka mahali boda-boda ilipomwacha, boma lilionekana mbali katika nyika tambarare, ua wa miiba na mabati mawili yanayong'aa. Jua lilikuwa kali na upepo ulisukuma mifuko ya plastiki ikanasa kwenye seng'enge, mifuko ya mji mzima, myeusi, ya buluu, ikipigapiga. Kila hatua Nanjala alitunga maneno na kila hatua iliyofuata akayatupa. Mbwa wawili wakatoka. Akasimama kabisa. Alifikiria kwamba wakimuuma itakuwa sababu nzuri ya kurudi.

"Waache!" sauti ikaita, na mbwa wakaacha.

Naeku alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi. Hakuja kumlaki. Nanjala akasogea, akainamisha kichwa kama anavyofanya mdogo mbele ya mkubwa, akangoja. Alingoja muda mrefu hata akaanza kuhesabu kokoto chini, kisha akajikataza kuhesabu. Mwishowe kiganja kikagusa utosi wake, chepesi, kikaondoka.

"Takwenya."

"Iko, yeyo." Alimwita mama, kwa Kimaasai. "Yeyo, nimekuja kwa sababu ya ile namba."

"Najua kwa nini umekuja." Naeku akamwonyesha kando ya ua. Palikuwa na rundo la kitu kilicholowa na kukauka, kikubwa kama gunia. Nanjala aliangalia mpaka akaelewa: ilikuwa mifuko ya plastiki, imesokotana kama kamba. "Hiyo ilikuwa kwa tumbo ya Keri. Daktari alipasua, akanionyesha. Alisema ni mji umemuua."

"Kwa hivyo si..."

"Sijasema ni wewe," Naeku akasema. "Na sijasema si wewe. Plastiki ilikuwa hapa miaka yote. Keri alikufa wiki hiyo." Akamgeukia. "Kwa nini uliandika hiyo namba? Mimi sikukuomba."

Hapo Nanjala angeweza kusema chuo, mwalimu, Muteti. Yote yalikuwa kweli na yote yalikuwa ya kujificha. "Nilitafuta kazi Nairobi," akasema. "Nikaandika kwa barua kwamba programu inatoa jumla. Ilikuwa haitoi. Nikaogopa nimedanganya, nikaiongeza ili barua ikuwe ya ukweli."

Naeku alimtazama kama anayesoma karatasi, polepole, mpaka chini.

"Kwa hivyo ng'ombe zangu zilihesabiwa ndio wewe upate kazi."

Nanjala akaitikia kwa kichwa. Na ndipo simu iliyokuwa shingoni mwa Naeku ikaanza kulia.

Ilikuwa Alhamisi, siku moja kabla. Nanjala alijiambia ni mtu mwingine, ni mtoto wake, ni mteja wa maziwa. Lakini Naeku alibonyeza, akasikiliza, na macho yake yakahama yakatua usoni mwa Nanjala.

"Ndiyo. Ndiyo, ni mimi Naeku... Namjua." Ng'ombe mmoja akakohoa. "Anakaa kwa ploti yangu... Ndiyo, ng'ombe. Jumla?" Akalitamka neno kama kitu kichungu. Nanjala alifumba macho. Moyo ulikuwa umepanda hadi masikioni, akakosa kusikia maneno mawili matatu, na yale aliyoyasikia baadaye yalikuwa haya: "Pigeni kesho. Saa hizi siwezi kusema. Kazi yangu haijaisha." Akakata.

"Yeyo..."

"Kesho watapiga tena. Utaitoa hiyo namba. Si kuificha, kuitoa. Na utaandika ile kitu mimi nataka, si ile wao wanataka." Akamshika bega akamgeuza kwenye mlango wa zizi. "Jioni nasimama hapa. Ng'ombe zinaingia. Siangalii ni ngapi. Naangalia nani hayuko. Naibor ameingia, ndama yake ameingia, Narok ameingia, lakini dada yake? Hapo ndio najua. Hiyo mashine yako inaweza kusimama hapa na mimi?"

Nanjala alifikiria. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya barua alifikiria kitu chenyewe, bila kuwaza nani atamwona. "Inaweza," akasema. "Unaweka alama kwa aliyeingia. Yule hana alama, inakuonyesha jina lake, na mama yake, na yule hutembea naye."

"Basi nenda."

Akaenda. Ile sukari Naeku aliipokea bila kushukuru, na Nanjala hakujua hilo lilikuwa na maana gani. Njia nzima aligeuzageuza. Labda ni ishara nzuri. Labda ni mtu anayechukua chake kabla ya kukufukuza.

Ijumaa asubuhi Dinah alifungua ofisi mapema. Nanjala aliketi kwenye kompyuta, akafuta ile mistari mitatu, kisha akaanza upya. Habari ilikuwa imeshazunguka: saa nne Muteti yuko mlangoni, Kathini ndani na kiti chake, Dolphine, ambaye siku hiyo alikuwa na zamu ya mchana kazini kwake, amekuja na chupa ya chai. Watu waliotaka kupigiwa chapa waliambiwa wangoje, nao walipoelezwa sababu wakakataa kuondoka. Mara mbili programu iligoma. Mara ya pili ilizima kila kitu, na Nanjala akajua sasa ni chekechea, ni Kimilili, imekwisha. Dinah akawasha mashine tena bila neno.

Saa tano na nusu Naeku akafika. Watu wakampisha. Akaketi karibu na Nanjala, akasalimia chumba kizima kwa sauti moja, akaweka simu juu ya meza, kati ya kibodi na chai, na wote wakaiangalia ile simu kama nyoka.

"Nionyeshe."

Nanjala akamwonyesha. Majina yalipangwa kifamilia, mama na wanawe. Naeku akawa anasema nani ameingia, Nanjala anaweka alama. Kwa makusudi Naeku akamruka mmoja. Chini ya orodha, pale namba ilipokuwa wiki ile, likatokea jina: Narok hajarudi. Mama yake ni Nado. Hutembea na Naibor.

Naeku alilisoma mara mbili, midomo ikisogea. Alikuwa bado hajasema neno simu ilipolia.

"Hallo... Ndiyo, ni mimi." Alizungumza kwa sauti ya kawaida, kana kwamba hakukuwa na watu kumi wanaomkalia mabegani. "Ndiyo, natumia... Hapana. Si nzuri siku zote. Ilikuwa na kosa. Kubwa." Dolphine akashika mkono wa Kathini. "Kosa gani? Aliweka kitu sikuomba. Alitaka kufurahisha nyinyi, hakutaka kufurahisha mimi." Akasikiliza. "Ndiyo, alikuja. Kwa miguu yake. Alisema ni yeye." Akasikiliza tena, sana. "Hiyo siwezi kujua. Mimi najua ng'ombe... Haya. Haya. Ole sere," akawaaga.

Akaweka simu chini.

"Wamesema nini?" Muteti akapasuka.

"Wewe ndio unatafuta kazi?" Naeku akamuuliza, na watu wakaangua kicheko cha kujikomboa. Akamgeukia Nanjala. "Jumatatu, saa mbili asubuhi. Wamesema si kazi bado. Wamesema uende ukae mbele yao, uwaonyeshe hiyo kitu ikifanya kazi."

Dolphine akapiga vigelegele vilivyosimamisha watu barabarani. Nanjala hakupiga. Kichwani alikuwa ameona watu watatu wenye tai wakiegemea nyuma ya viti, wakiangalia mikono yake.

"Lakini ng'ombe zangu haziendi Nairobi," Naeku akaongeza.

Vigelegele vikakatika. "Yeyo, programu bila ng'ombe ni karatasi tupu," Nanjala akasema.

"Tafuta ng'ombe zingine. Zangu zimeshaandikwa vya kutosha."

Basi wakaanza kutunga. Dolphine alitoa ng'ombe watatu wa Kimilili waliokufa zamani, akawataja kwa sifa kama kwenye mazishi. Muteti alitoa mmoja akampa jina la mama mkwe wake, Kathini akampiga kofi la bega, na ng'ombe huyo akaandikwa hivyo hivyo. Dinah alitaka mwenye jina la Kizungu. Naeku akakubali wote, ila kwa sharti moja: kila mmoja awe na mama, kwa kuwa hakuna ng'ombe aliyetoka kwa ukuta. Nanjala aliandika, vidole vikiteleza kwa jasho, akifuta, akirudia. Kila jina lililoingia lilimkaribishia Jumatatu, na hakuna hata moja lililomwondolea hofu. Lilibaki swali la kama mashine yao kule itakubali flopi yake, na la kiatu cha kuvaa, na la wakimwuliza kitu ambacho hakikufundishwa.

"Yeyo, zinatosha sasa?"

Naeku akasogeza kiti. Akaangalia kile kioo kama mtu aliyesimama mlangoni jua likishuka, macho yakipita taratibu kutoka mmoja hadi mwingine, na wote wakamngoja.

"Huyu ndama," akasema, akiweka kidole kwenye kioo. "Umeandika mama yake ni Sidai. Sidai mwenyewe hayuko."

Nanjala akaangalia. Kweli hakuwapo. Programu ilikuwa imempokea yatima yule bila kuuliza chochote, na ingempokea vivyo hivyo Jumatatu mbele ya wale watu. Akavuta kibodi karibu.

"Kathini, funga mlango," Dolphine akasema. "Hakuna mtu anaenda."